Haki ya Mgonjwa Kuelezwa, Haki ya Muuguzi Kusikilizwa





Msafiri atokaye mjini Chake Chake kuelekea kusini mashariki hufika Pujini, penye magofu ya ngome ya Mkama Ndume. Wachunguzi wa mambo ya kale wanaihesabu ngome hiyo kuwa ya karne ya 15. Wenyeji wa Pemba wanayo masimulizi yao juu ya mtawala huyo: kwamba alikuwa mkatili, na kwamba aliwalazimisha raia zake kubeba mawe ya ujenzi huku wakisota kwa makalio. Hatuna njia ya kuyahakikisha masimulizi hayo yote, lakini fundisho lake liko wazi. Mzigo anaotwishwa mtu pasipo kuulizwa wala kuelezwa ni dhuluma, hata kama kinachojengwa ni kizuri.

Tumeikumbuka ngome hiyo kwa sababu tunataka kusema juu ya mzigo mwingine, mdogo kwa umbo na mzito kwa matokeo: kidonge anachopewa mgonjwa, na mkono wa muuguzi unaompa. Huenda mtu akauliza, Tume ya Haki na Amani inahusikaje na vidonge? Je, hilo si jambo la madaktari? Tunamwomba msomaji wetu avumilie, tufuate njia yetu tuliyoizoea ya kuona, kupima na kutenda.

KUONA

Katika kuwatembelea wagonjwa tulifika kwa mzee mmoja, jirani yetu Mwislamu, aliyekuwa mchuma karafuu katika ujana wake. Tulimkuta amelala, upande mmoja wa mwili umepooza, na ulimi umekuwa mzito. Mkewe alitutolea kutoka chini ya godoro mfuko wa vidonge vya shinikizo la damu, vingi havijaguswa. Tulipomwuliza mzee sababu, alijibu polepole: "Vikinikohoza usiku kucha, mwanangu, nitaviitaje dawa?"

Tukamwuliza kama alimweleza muuguzi habari ya kikohozi hicho. Akasema, "Foleni ilikuwa ndefu. Niliona haya kumsumbua mtoto wa watu."

Baadaye tulizungumza na muuguzi mmoja mwenye uzoefu wa miaka mingi, bila kumtaja mgonjwa. Alituambia kwamba kikohozi kikavu kinajulikana sana kwa baadhi ya watumiaji wa dawa za jamii ya captopril. Kwamba si ugonjwa mpya wala si sumu. Na kwamba mgonjwa akirudi na kueleza, daktari huweza kumbadilishia dawa ya jamii nyingine. Kisha akaongeza neno ambalo halijatutoka moyoni: "Padri, yule aliyehitaji kuniambia alikuwa wa hamsini asubuhi ile, nami nilikuwa peke yangu."

Hapo ndipo tulipoona kwamba jambo hili ni la haki. Dawa ilikuwapo, muuguzi alikuwapo na mgonjwa alikuja. Kilichokosekana ni mazungumzo ya dakika tatu, na kwa kukosa dakika hizo tatu mtu amepoteza mkono na mguu.

Nasi pia tunajishitaki. Tulikuwa tumepita nyumbani kwa mzee huyo mara kadhaa kabla ya ugonjwa wake kuzidi. Tulimsikia akikohoa. Tulimwombea dua, tukanywa naye kahawa, tukaondoka. Hatukumwuliza hata mara moja anatumia dawa gani.

Mzee huyo si peke yake. Mgonjwa wa kifua kikuu anapoanza matibabu yake ya miezi sita, mojawapo ya dawa zake, iitwayo rifampisini, huugeuza mkojo kuwa na rangi ya machungwa au nyekundu. Jambo hilo halina hatari. Lakini asiyeambiwa atadhani anakojoa damu, naye ataacha dawa. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu ataona choo chake kimekuwa cheusi. Hilo nalo halina hatari, lakini asiyeambiwa atavitupa vidonge hivyo. Anayemeza dawa ya kichocho akiwa na njaa huweza kuumwa na tumbo, kusikia kizunguzungu au kutapika. Mwenye vimelea vya matende akimeza dawa zake huweza kupata homa, kichwa kuuma au mwili kuwasha, mara nyingi kwa sababu vimelea vinakufa ndani yake. Asiyeambiwa atasema, "Nilikwenda mzima nikarudi mgonjwa."

Wauguzi wa kwetu hutumia maneno mawili ambayo kila Mkristo angefaa kuyajua. Husema kuna maudhi ya dawa, na kuna madhara ya dawa. Maudhi humsumbua mtu kisha hupita, au huvumilika kwa ushauri mdogo: kula kwanza, kunywa maji, kumeza wakati wa kulala. Madhara ni jambo jingine. Mgonjwa wa kifua kikuu ambaye macho yake yamekuwa ya manjano, mtoto ambaye ngozi yake imetoka malengelenge baada ya dawa, mtu ambaye uso umemvimba na pumzi inambana: hawa hawapaswi kuambiwa wavumilie. Wanapaswa kurudishwa kituoni mara moja. Kazi ya kupambanua maudhi na madhara, saa nane za usiku, mara nyingi kwa mwanga wa taa ndogo, ndiyo kazi ya muuguzi.

Wengi wetu tunadhani kwamba muuguzi ni mtu wa kuchoma sindano na kugawa vidonge. La, sivyo. Hufundishwa tangu chuoni kuhakikisha mambo matano kabla ya kila dozi: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi, kisha kuandika alichokitoa. Mama anapopatwa na kifafa cha mimba, dawa imwokoayo ni magnesiamu salfeti. Dawa hiyo hiyo ikizidi huweza kuizuia pumzi yake. Kwa hiyo muuguzi humhesabia mama pumzi, hupima kiasi cha mkojo, hugonga goti kuona kama mguu unaruka, na huweka karibu dawa ya kuzimua. Akichoka akasahau kuhesabu, hakuna mwingine wa kuhesabu kwa niaba yake. Basi mtu huyo tunamwachaje peke yake na wagonjwa hamsini?

KUPIMA

Kuna wasemao kwamba mgonjwa asielezwe habari za madhara, maana akielezwa ataogopa na kuikataa dawa. Hoja hiyo imetolewa kwetu na watu wenye nia njema, wakiwamo watumishi wa afya. Hatuna budi kuipima kwa haki.

Ni kweli kwamba hofu ipo. Lakini tujiulize hofu hiyo hutoka wapi. Mwaka 2008, huko Morogoro, wanafunzi wa shule za msingi walipewa dawa za kichocho na minyoo. Baadhi yao waliugua tumbo na kulegea. Uvumi ukaenea kwamba watoto wamepewa sumu. Wazazi wakakimbilia mashuleni kwa hasira, na ghasia zikatokea. Dawa ile haikuwa sumu. Ni ile ile ambayo imewaondolea kichocho watu wengi hapa Pemba. Lakini wazazi hawakuwa wameandaliwa vya kutosha, wala hawakuwa wamejua mambo ambayo watoto wao wangeweza kuyapata. Maudhi yaliyotangazwa mapema huwa ni habari tu. Maudhi yaliyofichwa yakitokea huwa ushahidi dhidi ya serikali, dhidi ya muuguzi, na dhidi ya dawa yenyewe. Mzee wetu mchuma karafuu hakuacha vidonge kwa sababu alielezwa. Aliviacha kwa sababu hakuelezwa.

Lakini lipo jambo zito zaidi, nalo lilitokea hapa hapa kisiwani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Pemba ilikuwa na malaria nyingi na watoto wengi wenye upungufu wa damu. Watafiti, wakishirikiana na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, waliandaa uchunguzi mkubwa. Watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waliingizwa. Baadhi yao walipewa madini chuma pamoja na asidi ya foliki, wengine waliongezewa zinki, na wengine walipewa kidonge kisicho na dawa, ili matokeo yalinganishwe. Nani angetilia shaka vidonge vya kuongeza damu? Kila mtu alivihesabu kuwa ni kheri tupu.

Agosti 2003, sehemu ya uchunguzi iliyohusu madini chuma ilisimamishwa. Kamati ya usalama ilikuwa imeziangalia hesabu na kuona kwamba watoto waliopewa madini chuma walikuwa wakilazwa na kufa zaidi kuliko wenzao. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, yalionyesha kwamba hatari ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa ilikuwa imezidi kwa asilimia 12 kwa watoto waliopewa madini hayo. Uchunguzi wa namna hiyo uliofanyika Nepal, mahali pasipo na malaria ya kiasi hicho, haukuonyesha madhara hayo. Tena, katika kundi dogo la watoto wa Pemba waliopimwa kwa karibu na kutibiwa malaria mapema, wale waliokuwa na upungufu halisi wa madini walifaidika. Kutokana na hayo, Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake: katika nchi za malaria, madini chuma kwa watoto wadogo yaende sambamba na kinga na tiba ya malaria.

Tunaomba tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba vidonge vya kuongeza damu ni vibaya. Mama mjamzito aliyepewa na kliniki ameze kama alivyoagizwa, na mzazi asimwachishe mtoto dawa bila kumwuliza muuguzi. Tunalosema ni hili: dawa iliyo njema inaweza kudhuru mahali fulani, kwa watu fulani, na jambo hilo halionekani kwa macho ya mtu mmoja. Zahanati moja isingeweza kuligundua. Mama mmoja aliyefiwa angesema ni kadari ya Mungu, na muuguzi mmoja angesema ni malaria. Lilionekana kwa sababu kila mtoto aliyelazwa aliandikwa, kila kifo kilihesabiwa, na walikuwapo watu waliokuwa na wajibu wa kuzisoma hesabu hizo na uwezo wa kusema, "Simamisheni." Watoto wa Pemba waliufundisha ulimwengu mzima. Deni letu kwao ni kutoacha kuandika.

Hapo ndipo tunapoyasoma Maandiko kwa macho mapya. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka katika ardhi, na kwamba mtu mwenye busara hazidharau. Kwa hiyo anayezikataa dawa kwa jina la imani haifuati imani ya Kanisa. Lakini tumtazame pia yule Msamaria wa Injili ya Luka. Hakumtia majeruhi mafuta na divai kisha akaenda zake. Alimpeleka nyumba ya wageni, akakaa naye usiku ule, akaacha fedha, akaahidi kurudi kuona hali yake na kulipa kitakachozidi. Matibabu yasiyo na kurudi kuangalia ni nusu ya tendo la Msamaria.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliianzisha Siku ya Wagonjwa Duniani mwaka 1992, nayo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 11 Februari 1993. Tangu hapo tumezoea kila mwaka kuwapelekea wagonjwa sabuni, sukari na sala. Ni vema. Lakini Kanisa linafundisha kwamba haki hutangulia sadaka: tusimpe mtu kwa jina la huruma kile anachostahili kwa haki. Mgonjwa anastahili kujua kinachoingia mwilini mwake. Hiyo si fadhila ya muuguzi mpole, ni haki ya binadamu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu, awe Mkristo au Mwislamu, awe amesoma au hajui kusoma.

Na upande wa pili wa haki hiyo ni haki ya muuguzi. Hatuwezi kumdai maelezo mtu tuliyemnyima muda wa kueleza. Hatuwezi kumdai akiri kosa la dozi ikiwa kukiri ni sawa na kufukuzwa kazi na kutukanwa sokoni. Mahali ambapo kosa likitajwa hutafutwa mtu wa kuadhibiwa, makosa hayaishi bali hufichwa, na lililofichwa hurudiwa. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 2017 juhudi ya kupunguza madhara ya dawa yanayoweza kuepukika, lilitaja mambo haya haya: wingi wa kazi, uchache wa watumishi, na mawasiliano mabovu. Wala hatumtetei mzembe. Tunasema uzembe wa mtu mmoja na udhaifu wa mpango mzima ni mambo mawili, na mwenye haki huyatenganisha kabla ya kuhukumu.

KUTENDA

Kwanza, tunasema na wauguzi, wakiwamo waamini wetu wanaofanya kazi hiyo. Kila dawa iende na neno. Maneno matatu yanatosha pale penye foleni ndefu: dawa hii ni ya nini, inaweza kukuletea maudhi gani, na ukiona dalili gani urudi upesi. Kisha mwulize mgonjwa akurudishie kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa wengi hutikisa kichwa kwa heshima tu. Na madhara yakitokea, yaandikwe na yapelekwe. Tanzania imo katika mpango wa kimataifa wa ufuatiliaji wa madhara ya dawa tangu mwaka 1993; Zanzibar taarifa hupelekwa kwa Wakala wa Chakula na Dawa, na Tanzania Bara kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Karatasi hiyo moja inaonekana ndogo, lakini ni kwa karatasi kama hizo watoto wa Pemba walisikika.

Pili, tunasema na wenye mamlaka, na pia na sisi wenyewe tunaosimamia zahanati za Kanisa. Tusiikosoe serikali kwa jambo ambalo nasi tunalifanya. Je, katika zahanati zetu muuguzi analala zamu mbili mfululizo? Je, anazo fomu za taarifa? Je, anayekiri kosa anasikilizwa kwanza au anafokewa kwanza? Kuajiri muuguzi wa pili ni gharama, lakini mzee aliyepooza naye ni gharama, tofauti ni kwamba hiyo huilipa mkewe.

Tatu, tunasema na wagonjwa na familia zao. Msiache dawa kimya kimya. Ikikuudhi, rudi useme. Usione haya kumsumbua mtoto wa watu. Kusumbuliwa kwa jambo hilo ndiyo kazi yake. Mweleze pia dawa za miti shamba unazozitumia, na vidonge ulivyonunua dukani, kwa sababu dawa mbili njema zikikutana huweza kuzaa jambo baya. Usimpe jirani vidonge vyako kwa kuwa "vilinisaidia mimi". Na mkiudhika na kituo, pelekeni malalamiko kwa utaratibu, kwa msimamizi au kwa sheha, wala si kwa matusi mlangoni.

Nne, tunasema na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Kila jumuiya ina watu wanaotembelea wagonjwa. Tunapendekeza kwamba pamoja na sala waulize maswali mawili: "Unatumia dawa gani?" na "Zinakuendeaje?" Wasijifanye madaktari, wasimwambie mtu aache wala aendelee. Wakisikia jambo, wamsindikize mgonjwa hadi kituoni. Tena wasichague nyumba. Hapa kisiwani sisi Wakristo ni wachache, na majirani zetu Waislamu hutuzika, hutulisha na hutuvumilia. Kuugua hakuulizi dini ya mtu.

Sisi wenyewe tumeanza. Tulirudi kwa mzee wetu. Daktari amembadilishia dawa, kikohozi kimekwisha, na mkewe humpa kidonge kila asubuhi baada ya chai. Mkono haujarudi. Alipotuona alijaribu kuunyanyua atusalimie, akashindwa, akatupa wa kushoto. Tuliupokea kwa mikono miwili, kwa maana hatukuwa na neno la kusema.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, nani ameacha dawa bila kumwambia mtu? Alikuwa na sababu gani?

2. Tulipomlaumu muuguzi mara ya mwisho, je, tulijua alikuwa na wagonjwa wangapi siku ile?

3. Je, jumuiya yetu inaweza kumwomba muuguzi wa karibu aje atufundishe tofauti ya maudhi na madhara? Nani atakwenda kumwomba, na lini?

Mama Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee.